Siku ya Vichwa Nusu

Watu wanaosimulia habari za siku ile huanzia ukumbini, kwa sababu ukumbini ndiko walikokuwa waandishi na kamera zao. Hawajui kitu. Siku ile ilianzia kwenye saluni yangu, mimi nimekaa kwenye kiti, wifi yangu amekaa chini kwenye kigoda, kichwa chake katikati ya magoti yangu na mdomo wake haufungi hata kidogo.

"Wifi, tulia," nikamwambia. "Ukiendelea kuchezesha shingo, rasta zitaenda upande kama ngazi ya bomani."

"Nitatuliaje? Saa nane watu wanapiga kura na mimi nimekaa hapa kama gunia!"

Huyu wifi ni mke wa kaka yangu mkubwa. Anauza viatu vya mitumba sokoni, na akiita wateja utadhani amemeza kipaza sauti. Ni diwani wa baraza la mji, muhula wake wa pili. Siku ile alikuwa anagombea uenyekiti wa baraza, kiti ambacho mwanamke hajawahi kukikalia. Mmoja aliwahi kupewa unaibu, akapewa na kazi ya kuulizia chai imefika wapi.

Lakini nimjuavyo, wifi hakuwa na shida na kiti. Alikuwa anataka ajenda. Kwenye baraza letu mwenyekiti ndiye anayeamua nini kizungumzwe na nini kisubiri, na tangu wifi aingie pale amekuwa akipeleka hoja ile ile: vyoo vya wanawake sokoni. Soko lote lina choo kimoja, mlango hauna komeo, na wauza mboga wanapokezana zamu ya kusimama nje wametanda kanga kama pazia. Wengine hawanywi maji tangu alfajiri ili wasije wakabanwa. Mwenyekiti kila mara anamjibu kwa tabasamu, "Hoja nzuri sana mama, itaingia kikao kijacho." Hicho kikao kijacho mpaka siku ile bado kilikuwa njiani.

Sasa niwaeleze kuhusu jengo letu, maana bila jengo hamtaelewa. Marehemu baba alituachia chumba kimoja kikubwa cha biashara, mimi na kaka tukakigawa kwa plaiwudi. Upande huu saluni yangu, upande ule kinyozi, yaani kaka mwenyewe. Milango ni miwili lakini umeme ni mmoja, na nyaya ni zile zile alizozifunga baba kwa mkono wake, Mungu amrehemu, hakuwa fundi. Draya moja zinaivumilia. Nikiwasha draya mbili wakati kaka anaendesha mashine ya kunyolea, basi, fyuzi inalia pa! na wote tunabaki gizani. Kwa hiyo tuna utaratibu wetu. Kabla ya kuwasha draya ya pili napiga plaiwudi ngumi mbili, kaka anainua mashine kutoka kwenye kichwa cha mtu, anaizima, ananigongea na yeye, ndipo nawasha. Wateja wapya hudhani tunagombana.

Na plaiwudi haifichi siri. Mimi najua kinachopitishwa na baraza la mji kabla baraza lenyewe halijakaa, kwa sababu madiwani wanaume wote wananyoa kwa kaka siku ya kikao. Mwenyekiti anakaa kwenye kiti cha mbele ya kioo kikubwa, shuka jeupe limemkaba shingoni, anagawa maagizo. Hii tunapitisha. Hii tunaiahirisha. Yule mama wa viatu akisimama, kohoeni. Wakifika ukumbini kazi yao ni kupiga makofi tu, yote yameshamalizika kwenye kiti cha kinyozi.

Na kaka yangu? Anapuliza nywele kwenye kitana, anapaka watu poda shingoni, hasikii, haoni.

"Mkeo anasemwa mbele yako!" nilimpandishia siku moja. "Na wewe unamfuta mtu jasho!"

"Biashara yangu ni vichwa, dada'angu," akanijibu bila hata kunitazama. "Yaliyomo ndani ya vichwa si yangu."

Nilinuna wiki nzima. Halafu nikapata wazo. Kama wao wana kinyozi, sisi tuna msusi. Kunyoa ni kitu cha robo saa. Kusuka ni nusu siku. Nani atakuwa na muda wa kupanga mambo yake vizuri? Nikawaalika madiwani wote wanawake, watano kwa hesabu, waje kwangu asubuhi ya uchaguzi. Bure. Na mimi neno bure huwa linanikwama kooni, waulizeni wateja wangu.

Basi wakaja, na raha iliyokuwemo mle ndani siwezi kuieleza. Kwenye kona alikaa muuguzi mstaafu tunayemwita Sista, kichwa kizima kimepakwa dawa nyeupe ya kulainisha nywele. Chini ya draya alikaa Mama Pacha, rola zimemjaa kichwani, anapiga kelele kwa sababu mtu aliye chini ya draya hujiona kiziwi na kudhani wenzake ndio viziwi. Wawili wengine walikuwa kwa wasaidizi wangu, mmoja anafumuliwa, mmoja ndiyo kwanza anatiwa uzi. Walipanga nani atalipendekeza jina la wifi, nani ataliunga mkono, nani atasimama kama mtu akianza kukohoa. Sista alisema yeye akisikia kikohozi atauliza mgonjwa ana siku ngapi. Tulicheka mpaka dawa ikamdondokea puani.

Tatizo lilikuwa hesabu. Madiwani ni kumi na watatu. Toa watano, wanabaki wanane, na wote wanane ni wa upande wa plaiwudi ule.

"Wote isipokuwa Mwalimu," akasema wifi.

Mwalimu ni diwani mmoja mpole aliyefundisha hesabu karibu nusu ya mji. Hana unywele hata mmoja, kichwa kinang'aa tangu ujana wake. Kwa hiyo hanyoi. Kwa hiyo haendi kwa kinyozi. Kwa hiyo maagizo hayamfikii, na ukumbini huonekana akigeuka kushoto na kulia kuangalia wenzake wamenyoosha mikono au la.

"Umeongea naye?" Mama Pacha akapiga kelele kutoka kwenye draya.

"Ananunua viatu kwangu. Nimemweleza habari za choo. Akaniuliza wanawake sokoni ni wangapi. Nikamwambia. Akapiga hesabu kichwani, akasema, 'Hiyo ni foleni ndefu sana.' Akalipa, akaondoka."

Hata kama angekuja, tungekuwa sita kwa saba. Bado kura hazikutosha, na kila mmoja wetu alilijua hilo, tukaendelea kucheka hivyo hivyo.

Saa tano na nusu simu zote tano zikalia kwa pamoja. Sista ndiye aliyesoma kwa sauti, ameishikilia simu mbali na dawa. Ilikuwa taarifa ya katibu wa baraza. Kwa ombi la mwenyekiti, na kwa mujibu wa kanuni inayotaka taarifa itolewe si chini ya nusu saa kabla, kikao cha uchaguzi hakitakuwa tena saa nane. Kitaanza saa sita kamili. Mlango utafungwa saa sita kamili.

Tukatazamana. Kichwa cha wifi kilikuwa kimesukwa upande wa kulia tu, rasta safi ndefu mpaka mabegani. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimechambuliwa, zimesimama wima zikiangalia dari.

Na hapo, kutoka upande wa pili wa plaiwudi, tukasikia kicheko. Hakujisumbua hata kunong'ona.

"Waje basi na hivyo vichwa vyao!" Ilikuwa sauti ya mwenyekiti, mashine inanguruma juu yake. "Mwanamke akiwa na nywele nusu hatoki hata kwenda dukani. Nawajua hawa. Nyinyi tangulieni ukumbini, mimi namalizia hapa, dakika chache tu."

Tukasikia viti vinasogezwa, viatu vinatoka, wenzake wanamuaga kwa kicheko.

Jamani, mimi hasira zangu haziko mbali. Ziko hapa hapa juu ya ngozi. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nikaruka, nikamsukuma Sista chini ya draya ya pili, nadhani nilikuwa na wazo la kuwakausha wote kwa mpigo, sijui, hata ningemkaushaje mtu mwenye dawa kichwani! Nikabonyeza swichi. Ngumi mbili za ukutani wala sikuzikumbuka.

Pa!

Giza. Draya zikanyamaza, redio ikanyamaza, feni ikazunguka mara mbili tatu ikafa. Upande wa pili mashine ya kaka ikakata pumzi, kisha ikasikika sauti ya mtu mzima akilia kama aliyekanyagwa.

"Kichwa changu! Kinyozi! Umefanya nini kichwa changu?"

Nilitoka mbio nikazunguka hadi mlango wa kaka, na nilichokiona nitakwenda nacho kaburini. Kumbe mwenyekiti wetu hupaka rangi. Kaka humnyoa kwanza, halafu humpaka, na siri hiyo alikuwa ameitunza miaka yote hata mimi ndugu yake sikuijua. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa mpaka chini, mvi tupu, mweupe kama pamba. Upande wa pili ulikuwa bado, mweusi tii kama kiatu kilichopigwa rangi jana. Mpaka ulipita katikati, umenyooka, kazi safi kabisa ya kaka.

"Funga mlango!" akanifokea. "Unatazama nini? Mlete fundi umeme!"

Nilirudi kwangu nikiwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilitegemea kuwakuta wenzangu wamesimama tayari kwa vita. Wapi! Walikuwa wamekaa kwenye mwanga wa mlangoni, kila mtu ameshika kichwa chake. Wifi alikuwa anajitazama kwenye kioo, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Amenipata," akasema. "Kweli amenipata. Siwezi kuingia mle hivi, wifi. Kuna kamera. Watanicheka mpaka watoto wangu waache shule. Mwanamke wa kwanza kugombea, halafu aingie kama kichaa? Watasema unaona, ndiyo maana."

Nataka niseme ukweli, hata mimi nilimuunga mkono moyoni. Mimi ni msusi. Kumtoa mtu nje na kazi nusu ni aibu yangu kabla haijawa yake. Kwa dakika ile nilikuwa nafikiria nimfunge kilemba, na kilemba hakikuwepo.

Aliyesimama ni Sista. Dawa ilikuwa imeanza kumchoma, akanyoosha mkono akachukua ndoo ya maji ya baridi yaliyokuwa ya kuoshea, akainamisha kichwa juu ya karai.

"Nimwagieni," akasema. Tukammwagia. Akainuka anatweta, maji yanamchirizika mpaka kwenye kola, nywele zimelala kichwani kama za paka aliyenyeshewa.

"Sikilizeni. Mimi nimezalisha watu miaka yangu yote ya kazi," akasema. "Nimezalisha kofia imedondoka, nimezalisha nikiwa na viatu viwili tofauti. Sijaona mtoto hata mmoja aliyechungulia, akaona nywele zangu, akasema kwa huyu sitoki. Twendeni."

Mama Pacha akaangua kicheko hadi rola moja ikadondoka. Akaiokota, akairudisha mahali pake, akasimama. Wale wawili wengine wakasimama. Wifi akajifuta macho kwa kiganja, akapiga moyo konde, akavaa viatu vyake vya kazi, vile vyeusi vya kisigino kifupi alivyovichagua mwenyewe kutoka kwenye marobota elfu.

"Kama nitachekwa," akasema, "nichekwe nikiwa ndani, mlango ukiwa umeshafungwa."

Tukatoka. Nilipokuwa nafunga mlango nikamwona kaka amesimama kwenye mlango wake, mashine iliyozimika mkononi, na nyuma yake mwenyekiti anafoka, piga simu huku, leta wembe kule, hapana usilete wembe, nikitokea na kipara watajua kuna kitu. Kaka akamtazama mkewe, upande uliosukwa, upande uliosimama. Nikasema moyoni, ole wako ucheke. Ole wako useme biashara yako ni vichwa.

"Mke wangu!" akaita kwa nguvu, mtaa mzima ukageuka. "Kimbia! Kimbia mama, nakuamini, kimbia!"

Sijawahi kumpenda kaka yangu kama dakika ile.

Tukakimbia. Kutoka kwetu hadi ukumbini ni barabara moja, inapita mbele ya maseremala, mbele ya benki, halafu inakata sokoni. Mbele Sista analowesha lami, anafuata Mama Pacha na rola zake zinagongana kama vijiko, halafu wale wawili, mmoja uzi unamning'inia mgongoni, halafu wifi, na mimi nyuma yake nimeshika kitana na fungu la nywele, najaribu kusuka tukikimbia. Nilifanikiwa rasta moja. Ilikuwa mbaya.

Maseremala waliacha misumeno. Mbele ya benki mtu mmoja aliyevaa suti alisimama mdomo wazi, na mlinzi alituuliza kama kuna moto. Lakini sokoni, aisee, sokoni ndiko kulikokuwa na mambo. Muuza nyanya wa kwanza alipomwona wifi aliweka mkono kichwani.

"Mheshimiwa! Nani kakupiga?"

"Hakuna!" wifi akapiga ile sauti yake ya viatu, haikupungua hata kidogo. "Wamesogeza saa! Wamefikiri tutaona aibu!"

Habari ikaruka kutoka meza hadi meza haraka kuliko sisi tulivyokimbia. Wanawake wakaanza kutupisha njia, wengine wakaacha mizani, wakatufuata. Mmoja alivua mtandio wake akazivuruga nywele zake mwenyewe, akasema kama leo mtindo ni huu basi na yeye yumo. Nilikuwa nacheka, kifua kinaniwaka, na nywele za bandia zimenijaa mdomoni.

Tulipofika kwenye ngazi, mlinzi wa ukumbi alikuwa ameshashika mlango. Akamtazama Sista juu hadi chini. Sista naye akamtazama.

"Wewe nilikuzalisha mimi," akasema. "Ulitanguliza miguu."

Mlinzi akafungua. Watano wakaingia, mimi na wanawake wa sokoni tukaingia nyuma yao tukapanda ngazi za roshani ya wananchi, na chini yangu nikasikia mlango unafungwa na komeo linaingia.

Ukumbi ulipowaona, kicheko kikalipuka kutoka viti vya mbele. Kamera zikaanza kumulika. Nikaona shingo ya wifi inakakamaa. Hakuinamisha kichwa. Alitembea hadi kwenye kiti chake, taratibu, kama mtu aliyesukwa pande zote mbili.

Diwani mmoja mkandarasi, mwenye tumbo na mikufu, akasimama. "Taarifa, katibu! Hawa wenzetu wamevunja heshima ya baraza. Kanuni ya mavazi!"

Katibu wa baraza ni mtu mkavu, hakuna anayekumbuka kumwona akicheka. Uchaguzi wa mwenyekiti unasimamiwa na yeye. Akavaa miwani, akafungua kanuni zake, akasoma kimya kimya, kisha akawatazama wanawake wale mmoja mmoja kuanzia juu hadi chini.

"Kanuni inataka mabega yafunikwe na viatu viwe vya kufunika vidole," akasema. "Mabega yamefunikwa. Viatu naona ni vizuri sana. Nywele hazikutajwa. Keti, mheshimiwa."

Nikapiga reli ya roshani kwa kitana. Mlinzi wa juu akanionyesha kidole.

Wakaanza mapendekezo. Mama Pacha akalitaja jina la wifi, Sista akaliunga mkono, wifi akasimama akakubali. Upande wa pili mzee mmoja mwenye kituo cha mafuta akalitaja jina la mwenyekiti wa zamani, kwa mbwembwe, na wenzake wakapiga makofi kama walivyoelekezwa.

"Yuko wapi?" katibu akauliza. "Mgombea lazima awepo akubali kwa mdomo wake."

Wakageuka. Kiti kitupu. Wakatazama mlango. Mlango umefungwa. Mkandarasi akapiga simu chini ya meza, akasikiliza, uso ukambadilika.

"Anaomba... anaomba kikao kisogezwe mpaka saa nane."

"Mabadiliko ya saa yanahitaji taarifa ya nusu saa," katibu akasema. "Saa sita imeshapita. Kuna pendekezo lingine?"

Jamani! Ningelipa kiingilio kwa kitu kile. Mle ndani, ukimtoa Mwalimu, walikuwa wanaume sita ambao hawajawahi kuingia ukumbini bila kuambiwa la kufanya, na aliyezoea kuwaambia yuko kwenye kiti cha kinyozi anasubiri fundi umeme. Mkandarasi akasimama akajipendekeza mwenyewe. Mzee wa mafuta akauliza kwa lipi. Mkandarasi akasema yeye ndiye mkono wa kulia wa mwenyekiti. Mzee wa mafuta akasema mkono wa kulia ni yeye, tangu zamani, mwenyekiti mwenyewe alimwambia. Ikatokea kwamba mwenyekiti alikuwa ameahidi kiti hicho hicho kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwenye kiti kile kile cha kaka. Wakapandiana. Wakaitana majina ambayo katibu aliagiza yasiandikwe. Mwishoni majina mawili yakabaki juu ya meza, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake.

Kwetu kura hupigwa kwa kusimama, na mwenye nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi. Katibu akaanza na mkandarasi. Wakasimama wanne. Akaita jina la mzee wa mafuta. Wakasimama wawili, yeye na shemeji yake.

Nikapiga hesabu kwa vidole, nikakosea, nikapiga tena. Watano wanatosha! Wetu watano tu wanatosha!

Katibu akaita jina la wifi yangu.

Wakasimama. Sista na nywele zake za maji. Mama Pacha na rola. Yule wa uzi, yule aliyefumuliwa. Wifi mwenyewe, nusu amesukwa, nusu amesimamisha. Walikuwa wamenyooka mpaka nikasahau kabisa kuona vichwa vyao. Kisha kwenye safu ya nyuma kiti kikalia, na kichwa kinachong'aa kikainuka taratibu. Mwalimu. Mara hii hakugeuka kushoto wala kulia.

"Sita," akasema katibu. "Nne. Mbili. Mwenye sita amechaguliwa."

Sijui nini kilifuata, kwa sababu roshani nzima ilipagawa. Wanawake wa sokoni walikuwa wamejaa nyuma yangu, mtu ananikumbatia simjui, mtu analia begani kwangu. Nilipopata akili, wifi alikuwa ameshakaa pale juu kwenye kile kiti kirefu cha ngozi, ameshika nyundo ya mbao kama anavyoshika kiatu cha kumwonyesha mteja.

Katibu akamwinamia. Nikasikia anamwambia kwamba kwa kawaida, baada ya uchaguzi, baraza huenda kunywa chai.

"Chai itasubiri," akasema wifi, hakuhitaji hata kipaza sauti. "Tuna ajenda moja. Vyoo vya wanawake sokoni. Wanaokubali vijengwe mwaka huu, wanyooshe mikono."

Mikono sita ikapanda hapo hapo. Wale wengine wakatazamana. Hakuna aliyewaambia kitu kuhusu vyoo. Wakatazama mlango, mlango haukusema. Mmoja akakuna shingo. Mmoja akatazama juu kwenye roshani, akamwona mama yake mzazi, muuza mchicha, amesimama kati ya wenzake, anamwangalia. Mkono wake ukapanda polepole. Mkandarasi akafuata, nafikiri zabuni ilikuwa imeshamjia kichwani. Mzee wa mafuta hakutaka kuachwa nyuma na mkandarasi. Shemeji yake akamfuata. Mikono ikaendelea kupanda hadi hakukubaki mkono chini.

Hapo mimi nikashindwa. Miaka yote ile, mlango usio na komeo, kikao kijacho, kikao kijacho! Vigelegele vikanitoka kwa nguvu zote za mapafu yangu.

Nyundo ikagonga. "Kimya kule juu!"

Nilijua anatania. Huyu ni wifi yangu, tunataniana tangu aolewe. Nikapiga tena, virefu zaidi.

Nyundo ikagonga mara ya pili. Akanyanyua uso akanitazama moja kwa moja, na uso ule sikuwahi kuuona nyumbani kwetu.

"Mwananchi mwenye kitana," akasema. "Kanuni inakataza kelele wakati baraza linafanya kazi. Mlinzi, mtoe nje. Tunaendelea."

Nikashikwa mkono nikashushwa ngazi, mbele ya mji mzima, mbele ya kamera. Nikatolewa! Na wifi yangu mwenyewe! Nilikuwa nalia, nacheka, siwezi hata kupangusa pua kwa sababu mkono mmoja una kitana na mwingine una mlinzi. Nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia, hata siku niliyofungua saluni.

Mlango ukafunguliwa kidogo, nikasukumwa nje, ukafungwa tena. Pale kwenye ngazi alikuwa amesimama mzee wetu wa kichwa cha rangi mbili, anahema, amevaa kofia ya kaka iliyomshuka hadi masikioni. Alikuwa amepiga hodi mpaka amechoka.

"Wewe," akasema, hakunitambua vizuri, au alijifanya. "Kuna nini huko ndani? Mbona unalia? Nani kakutoa?"

Nikavuta pumzi, nikajifuta uso, nikamtazama chini ya kofia.

"Mwenyekiti," nikamwambia.